Kustaafu na Kuishi Safarini: Mwongozo Kamili wa Gari-Nyumba, Raha na Taabu Zake

Gari-nyumba la likizo na gari-nyumba la mstaafu ni vitu viwili, hata yakiwa yametoka kiwanda kimoja siku moja. Mwenye likizo huvumilia kitanda kibaya wiki mbili, kisha akarudi kwake. Mstaafu hulala humo miezi, pengine mwaka mzima, huku magoti, mgongo na macho vikidai mambo ambayo mwaka uliopita havikudai. Kwa hiyo ushauri wote humu umejengwa juu ya swali moja: jambo hili nitaliweza nikiwa nimeongeza miaka kumi juu ya umri wa leo? Ukilijibu kabla ya kulipa fedha, sehemu kubwa ya taabu za maisha haya hutazipata. Zinazobaki zina dawa.

Kodi kabla hujanunua

Kodi gari la aina unayoitaka kwa siku 14 mfululizo. Wikendi haitoshi, maana siku tatu za mwanzo kila mtu hufurahi. Chagua majira mabaya, ya mvua au ya baridi, kwa sababu jua huficha kasoro. Kama mnasafiri wawili, ndani ya siku hizo hakikisheni kwamba:

1. Kila mmoja ameendesha saa mbili kwenye barabara kuu na saa moja ndani ya mji.
2. Kila mmoja amerudi kinyumenyume na kuegesha kwenye nafasi iliyopimwa.
3. Kila mmoja amemwaga maji taka na kusafisha choo kwa mikono yake.
4. Mmekaa ndani siku nzima ya mvua bila kwenda popote.
5. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, aliyelala upande wa ukutani ameenda chooni na kurudi bila kumruka mwenzake.

Jaribio la tano ndilo linalowavunja wengi. Magari mengi yana kitanda kilichobanwa kuta tatu, na anayelala ndani hana njia ila juu ya mwenzake. Ukiwa na umri wa kuamka usiku mara mbili, hiyo ni ugomvi na pengine kuanguka. Tafuta kitanda kinachofikika pande zote mbili, au vitanda viwili vya mtu mmojammoja. Kile cha juu ya kiti cha dereva, kinachopandwa kwa ngazi, waachie wajukuu.

Kuchagua gari: ukubwa, uzito na unyevu

Kuna makundi matatu. La kwanza ni vani iliyogeuzwa nyumba, kama mita 6, inayotumia lita 10 hadi 13 za dizeli kwa kilomita 100. Inaingia karibu popote, lakini bafu lake ni dogo na ukuta haukingi baridi sana. La pili ni chasi ya vani, yaani fremu yake ya chini, iliyojengewa nyumba juu yake, mita 6 hadi 7.5, inayotumia lita 12 hadi 16. La tatu ni lenye umbo la basi, mita 9 na zaidi, linaloweza kunywa lita 25 hadi 40. Hilo la tatu ni tamu mno likiwa limeegeshwa, na ni mzigo kila linapotakiwa kwenda dukani, ndiyo sababu wenye nalo huvuta gari dogo nyuma. Kwa wastaafu wawili wanaohamahama mara kwa mara, kundi la pili ndilo tunalolipendekeza. Kwa wanaokaa mahali miezi mitatu hadi msimu uishe, la tatu linastahili gharama yake.

Angalia pia leseni. Katika nchi za Ulaya leseni ya kawaida ya daraja B kwa muda mrefu imekomea kwenye gari la kilo 3,500, na nchi nyingi humtaka dereva aliyefika umri fulani apimwe afya kabla ya kuhuisha leseni ya magari mazito. Ukinunua gari la kilo 5,000 ukiwa na miaka 66, jiulize kama utaruhusiwa kuliendesha ukiwa na 72.

Uzito ndio unaowashika watu pabaya. Chukua gari lenye kikomo cha kilo 3,500 ambalo tupu lina kilo 3,050. Zimebaki 450. Watu wawili ni kilo 150. Maji lita 100 ni kilo 100 kamili. Mitungi miwili ya chuma yenye kilo 11 za gesi kila mmoja inakaribia kilo 50. Baiskeli mbili za umeme, 50. Turubai la kivuli la ubavuni, 30. Umebakiwa na kilo 70 za nguo, chakula, vyombo, vifaa na viti vya nje, na hamjaanza kufungasha. Soma vizuri kilichohesabiwa kwenye uzito wa gari tupu: watengenezaji wa Ulaya huingiza dereva wa kilo 75 na mafuta karibu tangi zima, lakini vitu vilivyoongezwa baadaye havimo. Lijaze gari kama unavyosafiri nalo, lipeleke kwenye mzani wa malori, upime ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Gari linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Baiskeli zikining'inia nyuma kabisa huinua pua ya gari, na usukani huwa mwepesi kwa namna ya hatari.

Kwa gari lililotumika, adui mkuu ni maji yanayopenya, na injini hufuata nyuma. Nenda na mita ya unyevu yenye pini mbili. Pima pembe zote za dari, kuzunguka kila dirisha na kila tundu la dari, ndani ya makabati ya juu, chini ya kitanda ukuta unapokutana na sakafu, na mahali turubai lilipofungwa. Chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20, rudi upime tena siku nyingine. Zaidi ya 20 maji yanaingia, na ikipita 30 mbao zimeanza kuoza kwa ndani. Kisha bonyeza kuta kwa kidole gumba: ukuta mzima hukaza, uliooza hubonyea. Harufu kali ya manukato ndani ya gari la kuuza ikutie shaka.

Ukishalinunua, panda ngazi imara mara mbili kwa mwaka, au umlipe kijana apande, ukague gundi ya kuzibia kwenye maungio ya dari. Ikipasuka, ibandue, safisha kwa spiriti, weka gundi ya aina ileile. Usitumie silikoni ya bafuni. Baada ya muda huachia, na mabaki yake huzuia gundi nzuri kushika.

Fedha, nyumba na makaratasi

Usiuze nyumba mwaka wa kwanza. Ipangishe, au ifunge na umwachie mtu wa kuiangalia. Wanaouza mapema hujikuta hawana pa kurudi mmoja akiugua, na kununua tena nyumba kwa kipato cha pensheni ni vigumu kuliko kuiuza.

Bajeti ya mwezi iwe na mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mafuta, maegesho, chakula, gesi na simu. La pili ni la vitu vinavyokufa polepole, na ndilo linalosahaulika. Chukua bei ya matairi yote uigawe kwa 72, kwa maana utayabadilisha kila miaka sita. Bei ya betri za asidi igawe kwa 48. Jumla hiyo iweke kando kila mwezi hata kama gari limesimama. Juu yake weka akiba inayotosha gia boksi moja. Kumbuka pia kwamba mnapohama mara nyingi fungu la mafuta hupanda, na mnapokaa, kodi ya maegesho kwa mwezi kwa kawaida huwa nafuu kuliko kulipa usiku kwa usiku. Kupunguza mwendo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza gharama.

Kwenye bima, uliza swali moja kwa maandishi: je, sera hii inaniruhusu kuishi ndani ya gari mwaka mzima? Bima nyingi za gari-nyumba zimeandikwa kwa mtu mwenye nyumba kwingine, na madai hukataliwa ikigundulika kwamba hakuna. Unahitaji pia anwani ya kudumu kwa ajili ya benki, kodi, usajili wa gari na kura. Mwachie mtu mmoja unayemwamini kazi ya kufungua barua, na mpe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa kisheria kabla hujaondoka.

Mkivuka mipaka, hesabuni siku. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, humruhusu mgeni asiyehitaji viza kukaa siku 90 ndani ya siku zozote 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Wanaotaka kukaa kipindi chote cha baridi upande wa kusini hukwama hapo.

Afya barabarani

Kabla ya safari ndefu omba dawa za miezi mitatu, na juu yake za wiki mbili za ziada. Ziada hizo ziweke kwenye mfuko mwingine, si pamoja na za kila siku. Andika majina ya dawa kwa jina la kiini chake, kwa sababu jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Karatasi moja iwe na dawa zote na vipimo, mzio, magonjwa, kundi la damu, namba ya bima na watu wawili wa kupigiwa simu. Nakala moja ibandike ndani ya mlango wa kabati lililo karibu na mlango wa gari, nyingine ikae kwenye mkoba.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, na ikiganda hata mara moja hutupwa. Friji ya gari hupanda na kushuka kuliko ya nyumbani, kwa hiyo weka kipimajoto ndani yake, na usiiweke insulini ikigusana na bamba la ubaridi la nyuma.

Kwenye usukani, simama kila baada ya saa mbili, ushuke, utembee dakika kumi. Kukaa muda mrefu hukusanya damu miguuni na kuongeza hatari ya kuganda kwenye mishipa. Wengine hupunguza maji ya kunywa ili wasisimame njiani. Hilo huzidisha hatari hiyohiyo, na huleta kizunguzungu.

Pangeni miadi ya daktari, meno na macho katika kipindi kimoja cha mwaka, mahali pamoja, na ratiba ya safari iizunguke miadi hiyo.

Umeme: piga hesabu kabla ya kununua betri

Andika kila kifaa, wati zake, na saa zake kwa siku. Mfano wa wastaafu wawili: friji ya kompresa, wati-saa 500. Mashine ya kusaidia kupumua usingizini, wati 40 kwa saa 8, ni 320. Taa, pampu ya maji na simu, 200. Televisheni ya wati 40 kwa saa tatu, 120. Jumla 1,140. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia-saa 95 kwa siku, kipimo kinachotumika kwa ukubwa wa betri.

Betri ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo siku moja inataka ampia-saa 190, na siku mbili bila jua 380. Hizo ni betri nne nzito. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi, basi siku mbili ni kama 240, na uzito ni chini ya nusu. Kwa mtu anayeogopa kikomo cha kilo, tofauti hiyo inalipa. Ila lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo ikae ndani ya gari, au iwe na kipashajoto chake.

Paneli za wati 300 zikilala bapa juu ya dari, siku ya jua zuri hutoa takriban wati-saa 900 ukishatoa upotevu. Siku ya mawingu mazito zinaweza kutoa robo ya hapo. Mashine ya kupumulia ikiwashiwa kipashajoto cha unyevu hula mara mbili au zaidi, kwa hiyo uliza kama inaruhusu kukizima, na ununue waya wake wa volti 12. Kuipitisha kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, hupoteza umeme bure.

Gari jipya lina kosa lake: alteneta za kisasa, yaani mashine za injini zinazozalisha umeme, hupunguza nguvu betri ya injini ikishajaa, na betri za nyumba hubaki njaa hata baada ya kuendesha siku nzima. Dawa ni chaja ya volti 12 kwa 12 inayokaa kati ya betri ya injini na za nyumba, ya ampia 30 au zaidi, iliyofungwa na fundi mwenye kujua unene wa waya unaotakiwa.

Ukichomeka kwenye umeme wa kambi, yaani eneo la kuegesha magari-nyumba, uliza ni ampia ngapi. Ampia 16 kwa volti 230 ni wati 3,680. Ampia 6 ni 1,380 tu, na birika la wati 2,000 litaangusha swichi. Waya wote ukunjue kutoka kwenye roli hata kama umbali ni mita tano. Ukibaki umezungushwa hupata moto, na plastiki yake huyeyuka.

Maji na choo

Kazi hii hufanywa kila siku mbili tatu maisha yote ya safari, kwa hiyo inastahili kufanywa sawasawa.

Kwa gari lenye tangi la choo lililofungwa chini, subiri lifike theluthi mbili. Likiwa na maji machache hakuna nguvu ya kusukuma uchafu. Vaa glavu. Unganisha mpira wa kumwagia kwenye gari, mwisho wake uingize ndani ya shimo na uuwekee jiwe, maana mpira ukiruka utajua. Fungua koki ya choo yote kwa mara moja. Sikiliza: mwanzo maji huvuma, kisha hukwaruza, kisha hudondoka. Yakidondoka, funga. Sasa fungua koki ya maji ya sinki na bafu, ambayo yana sabuni, yasuuze mpira. Funga, tenganisha upande wa gari kwanza, uuinue mpira ili mabaki yateremke shimoni. Mwisho mimina lita 10 hadi 20 za maji safi na dawa ndani ya tangi la choo.

Kosa linalorudiwa sana ni kuacha koki ya choo wazi mkiwa mmeunganishwa kambini. Maji hutiririka, uchafu mzito hubaki na kukauka chini ya tundu, na kuubomoa ni kazi ya fundi mwenye pampu. Iache imefungwa, ya sinki pekee ndiyo inaweza kubaki wazi.

Choo cha kaseti kina lita 17 hadi 20, na kikijaa kina uzito wa kilo kama 20. Huo ni uzito wa kubeba ukiwa umeinama, mbali na mwili, mara nyingi kwenye ardhi iliyoloa. Kimwageni kikiwa nusu. Chagueni chenye magurudumu na mkono wa kuvutia, na egesheni karibu na mahali pa kumwagia kuliko penye mandhari.

Tangi la maji safi litiwe dawa mara mbili kwa mwaka, na kila gari likitoka kwenye kusimama kwa muda mrefu:

1. Toa vichujio vyote, na funga njia ya hita ya maji kama ina koki ya kuikwepa.
2. Kwa kila lita 100 za tangi, changanya mililita 100 za klorini ya kufulia ya asilimia 5, isiyo na manukato, ndani ya ndoo ya maji, kisha uimimine.
3. Jaza tangi. Fungua kila bomba, la moto na la baridi, mpaka harufu ya klorini itoke.
4. Acha usiku kucha.
5. Mwaga yote, jaza maji safi, mwaga tena, mpaka harufu iishe. Rudisha vichujio.

Mpira wa maji ya kunywa uwe na rangi yake, ukae kwenye sanduku lake, usikutane kamwe na ule wa kumwagia. Na ukiunganisha maji ya kambi, weka kipunguza-presha cha baa 3 upande wa bomba la kambi. Mabomba ya gari hayakujengwa kwa presha ya mji.

Gesi na moto

Butani huacha kutoa gesi joto likifika karibu nyuzi 0, wakati propani huendelea hadi chini ya nyuzi hasi 40. Ukisafiri penye baridi na mtungi ukigoma alfajiri huku ukiwa mzito, sababu ni hiyo.

Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ndiyo maana sanduku la mitungi lina tundu chini, na watu huliziba kuzuia upepo bila kujua wameziba njia ya kujiokoa. Kengele ya gesi hufungwa karibu na sakafu. Ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye moto, hufungwa kadiri ya maelekezo yake, karibu na usawa wa kitanda, nayo ina umri: angalia tarehe nyuma yake, ikipita ibadilishe hata kama inalia ukiibonyeza. Kila mkifunga mtungi mpya, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, kuna uvujaji. Jiko lisitumike kamwe kupasha chumba joto.

Friji ya gesi isiyo na kompresa hufanya kazi gari likiwa limekaa sawa tu. Ikiinama kwa saa nyingi, kimiminika chake hakirudi, mfumo huzidi joto na unaweza kufa kabisa. Kipimo kidogo cha maji, kile cha mafundi cha kuonyesha usawa, kiwe juu ya sakafu yake kila mnapoegesha.

Halafu fanyeni zoezi ambalo karibu hakuna anayelifanya: tokeni nje kupitia dirisha la dharura. Kama magoti hayawezi, wekeni kiti imara ndani chini yake, na mjue mguu upi unatangulia. Moto wa gari-nyumba huenea kwa dakika chache, na mlango ni mmoja.

Matairi na usukani

Matairi ya gari-nyumba huzeeka kabla ya kuchakaa. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho wa namba ya kiwanda: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuanzia mwaka wa tano yakaguliwe kila mwaka, na kufikia wa saba yabadilishwe, hata kama kashata (meno ya tairi) zinaonekana mpya. Upepo pimeni asubuhi kabla ya kuondoka, kulingana na uzito halisi wa kila ekseli mlioupata kwenye mzani. Tairi likiwa la moto presha hupanda, na hilo ni la kawaida. Ukilipunguza upepo wakati huo, likipoa litakuwa chini, kesho yake litapinda ubavu, lipate joto na kupasuka.

Wenye magari haya huko Marekani wana kanuni ya tatu tatu: maili zisizozidi 300, kufika kabla ya saa tisa alasiri, ambayo kwao ni saa 3, kukaa usiku tatu. Maili 300 ni kama kilomita 480, na kwa mstaafu hizo ni nyingi. Kilomita 250 zinatosha, nazo huchukua kama saa nne. Saa tisa alasiri iheshimuni, kwa sababu inakupa mwanga wa kuegesha, na kama nafasi ni mbaya unao muda wa kutafuta nyingine. Kuendesha gizani acheni kabisa. Jicho la mtu wa miaka 70 hupokea mwanga mdogo zaidi kuliko la kijana, na huchelewa kurudi sawa baada ya kumulikwa.

Andikeni kimo cha gari kwa tarakimu kubwa kwenye kadi mbele ya dereva, mkipima mpaka juu ya kiyoyozi. Kwenye kona, kumbukeni mkia: kilichozidi nyuma ya ekseli hupepea upande wa pili, na ndicho kinachogonga nguzo ya pampu ya mafuta. Mteremko mrefu, shusheni gia kabla ya kuuanza. Breki zikanyagwe kwa nguvu kisha ziachiwe. Ukizikalia mfululizo zitapata moto na kuacha kushika.

Kurudi nyuma ndiko kunakozua makelele kati ya wanandoa. Aliye chini, anayemwongoza dereva, asimame pale anapoona uso wa dereva ndani ya kioo. Asipouona, naye haonekani. Ishara ziwe nne tu, zilizokubaliwa kabla: njoo, kulia, kushoto, na ngumi iliyoinuliwa, simama. Ishara ikipotea au aliye chini akitoweka kwenye kioo, dereva asimame papo hapo.

Kabla ya kuondoka, mmoja azunguke gari zima akigusa kila kitu kwa mkono: waya wa umeme, mpira wa maji, koki za maji taka, ngazi, turubai, matundu ya dari, antena, mitungi, milango ya nje. Mwingine afanye vivyo hivyo ndani. Kisha wabadilishane. Yeyote asizungumzishwe akiwa katikati ya ukaguzi.

Watu wawili ndani ya mita chache

Raha za maisha haya ni za kweli: kufuata majira mnayoyataka, kukaa karibu na wajukuu mwezi mzima bila kulala kwenye sebule ya mtu, asubuhi zisizo na haraka, majirani wapya wenye muda wa kuongea. Lakini hakuna mlango wa kufunga mkikasirikiana. Kila mmoja awe na saa yake ya kila siku peke yake, ya matembezi au ya kukaa ndani huku mwenzake yuko nje, na saa hiyo isiombewe ruhusa. Gaweni kazi, ila kila mwezi badilishaneni kwa wiki moja. Mke asiyejua kumwaga tangi na mume asiyejua zilipo dawa wamebakiza ugonjwa mmoja tu wakwame.

Upweke huwapata zaidi wanaohama haraka. Urafiki unahitaji kuonana mara ya pili na ya tatu, basi rudini kambi ileile, msimu uleule, kila mwaka. Anayesafiri peke yake atume ujumbe kwa mtu mmoja kila siku saa ileile, na wakubaliane mapema: ujumbe ukichelewa saa mbili apigiwe, asipopokea ipigwe ofisi ya kambi.

Kusimamisha gari, na kuliacha

Gari likikaa zaidi ya mwezi, mwageni maji yote pamoja na ya hita, fungeni gesi, acheni mlango wa friji wazi, jazeni betri na kuzitenga. Zibeni kwa sufi ya chuma kila tundu la sakafu linalozidi milimita 6, kwa kuwa panya mdogo hupita hapo na hutafuna nyaya. Tundu la gesi la kwenye sanduku la mitungi, pamoja na matundu mengine ya hewa yaliyowekwa na kiwanda, yafunikwe kwa wavu wa chuma tu, yasizibwe.

Mapema, mkiwa na afya, andikeni sababu zitakazowafanya muache, mzitie sahihi wote wawili: kwa mfano mmoja wenu kushindwa kuendesha, kugonga kitu mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, au daktari kutaka kumwona mgonjwa kila mwezi. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya siku yenyewe, na karatasi huondoa ubishi. Siyo lazima uwe wa ghafla. Wengi hushuka hatua kwa hatua: kwanza gari dogo zaidi, kisha msimu mmoja kwa mwaka, kisha kukodi eneo ambapo gari litaegeshwa moja kwa moja.

Wakati wa kuuza, uzeni gari likiwa bado linatembea na ninyi bado mnaweza kulionyesha. Tayarisheni daftari la matengenezo, vipimo vya unyevu vya kila mwaka vyenye tarehe, karatasi ya mzani na tarehe za matairi. Mnunuzi anayejua kazi huuliza vipimo vya unyevu kabla ya kuuliza kilomita.